Huyu au Hiki? Lugha na Utu katika Ushuhuda wa Primo Levi

Maandishi yaliyotokana na mateso ya Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yamekuwa yakisomwa vyuoni kwa namna mbili. Wapo wanaoyasoma kama hati za historia, wakitafuta ndani yake tarehe, idadi na majina ya kambi. Na wapo wanaoyasoma kwa machozi, wakiamini kwamba kazi ya aina hii ikishamhuzunisha msomaji imekwisha kutimiza wajibu wake. Namna zote mbili humwacha mhakiki wa fasihi bila kazi. Ile ya kwanza humwambia kwamba alichokishika mkononi ni ushahidi tu. Ya pili humtisha kwamba kuuliza habari za mtindo mbele ya watu wapatao milioni sita waliouawa ni utovu wa adabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kurejelea hasa kitabu Se questo è un uomo cha Mwitaliano Primo Levi (1947), kwamba katika kambi za Wanazi lugha yenyewe ilikuwa uwanja wa mateso, na kwamba mhakiki asiyeanzia hapo huwa hajakisoma alichosimuliwa.

Jina la kitabu ni mahali pafaapo pa kuanzia. Ni sentensi iliyokatwa: limebaki sharti, jibu halipo. Katika Kiitaliano neno questo laweza kumwashiria mtu na laweza kuashiria kitu, hivyo mwandishi hakulazimika kuchagua. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akiandika "Kama Huyu ni Mtu", amekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa, maana kiashiria "huyu" ni cha ngeli ya A-WA, na anayeitwa "huyu" tayari amekubaliwa kuwa kiumbe hai. Akiandika "Kama Hiki ni Mtu", sarufi inavunjika masikioni mwa kila mzungumzaji. Lakini huenda uvunjikaji huo ukawa karibu zaidi na lile alilokusudia Levi. Kuna mchapishaji wa Marekani aliyelikwepa tatizo kwa kulitupa jina lote na kukitoa kitabu kwa jina la kunusurika katika Auschwitz. Huo ulikuwa uamuzi wa sokoni, na uligeuza swali kuwa habari njema.

Levi alizaliwa Turin mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi iliyojihesabu kuwa ya Kiitaliano kama familia nyingine yoyote ya mji huo. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi shuleni na katika utumishi wa umma. Levi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuingia chuo kikuu, aliachwa amalize masomo ya kemia; alihitimu mwaka 1941 kwa alama za juu kabisa, na hati yake ya shahada ikatajwa ndani yake kwamba mwenyewe ni wa asili ya Kiyahudi. Desemba 1943 alikamatwa katika milima ya bonde la Aosta pamoja na kikundi kidogo cha wapiganaji wa msituni. Akakiri Uyahudi wake, akapelekwa kambi ya Fossoli karibu na Modena, na tarehe 22 Februari 1944 akapakiwa katika mabehewa ya mizigo pamoja na wenzake. Jumla yao ilikuwa 650. Walipofika Auschwitz wanaume 96 na wanawake 29 walitengwa kwa ajili ya kazi. Waliosalia, zaidi ya 500, hawakuwa hai siku mbili baadaye. Katika behewa alimokuwa Levi mlikuwa na watu 45. Wanne walirudi makwao, na behewa hilo, kwa hesabu yake, ndilo lililobahatika kuliko yote.

Kabla ya safari kuna tukio dogo ambalo Levi halifafanui hata kidogo. Watu wanahesabiwa huko Fossoli, na mwisho wa hesabu afisa wa Kijerumani anauliza wako wangapi. Neno analolitumia ni Stück, yaani vipande, kama aulizaye magunia bandarini. Askari wa chini yake anapiga saluti na kujibu kwa neno lilo hilo: idadi ya vipande imetimia. Msomaji aendaye mbio hulipita neno hili. Kiswahili, hata hivyo, kina uwezo wa kuufichua ukatili wake kwa namna ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina. Katika Kiswahili kipofu, kiziwi na kiwete huanza kwa ki-, lakini sarufi haiwaruhusu kubaki katika ngeli ya vitu: kipofu "amefika", kiwete "analala". Umbo la neno husema kitu, upatanisho husisitiza mtu. Mbwa naye, na punda, na siafu, wote huchukua upatanisho wa A-WA. Kwa hiyo kumfananisha mtu na mnyama, japo ni tusi, hakumtoi katika ngeli yake. Lakini katika sentensi "vipande vyote viko tayari", watu 650 wamehamishwa kwa viambishi tu, bila kelele na bila chuki, wakawekwa pamoja na viti na vikapu. Chuki ingekuwa bado ni namna ya kumtambua mtu.

Jambo hilo linarudi katika kitabu cha mwisho cha Levi, I sommersi e i salvati (1986), katika sura ihusuyo mawasiliano. Humo anaeleza kwamba katika Kijerumani cha kambini wafungwa hawakusemwa kuwa wanakula kwa kitenzi kitumikacho kwa watu. Walitajwa kwa kitenzi fressen, ambacho hutumika kwa mnyama. Mfasiri wa Kiswahili hapa anakwama kwa upande wa pili. Kwetu mtu anakula na mbuzi anakula. Hakuna kitenzi cha zizini. Itambidi aseme "kufakamia" au "kubugia", na hapo atakuwa ameingiza ulafi, ilhali mfungwa wa Monowitz hakuwa mlafi bali mwenye njaa. Tofauti hii si ya kubeza. Inaonyesha kwamba kila lugha ina mlango wake wa kumtolea mtu nje, na mlango huo haufanani na wa jirani.

Sura hiyo ya mawasiliano inastahili kuzingatiwa zaidi kuliko inavyozingatiwa kwa kawaida. Levi anadai humo kwamba wengi wa Waitaliano waliofika bila kujua Kijerumani walikufa katika siku kumi hadi kumi na tano za mwanzo. Kwa mtazamo wa haraka waliuawa na baridi, uchovu na maradhi. Kwa mtazamo wa karibu waliuawa na kutoelewa. Amri ilitolewa mara moja, kwa ukali, na asiyeifuata alipigwa. Hakuna aliyejishughulisha kuirudia kwa utaratibu. Katika kambi ya Mauthausen, anakumbusha, rungu la mpira liliitwa mkalimani, kwa sababu lenyewe lilieleweka kwa kila kabila. Kejeli hiyo ya wanyapara ina nadharia kamili ya lugha ndani yake: pale ambapo binadamu anasemeshwa kwa fimbo, mzungumzaji ameshaamua kwamba mbele yake hakuna msikilizaji. Levi mwenyewe alikuwa na Kijerumani kidogo alichokiokota katika vitabu vya kemia. Alichokifanya mapema kabisa ni kumtafuta mfungwa wa kutoka Alsace amfundishe zaidi, na ujira wa masomo hayo ulikuwa mkate. Mtu mwenye njaa alitoa mkate akanunua msamiati. Ni vigumu kupata katika fasihi ya karne ya ishirini hoja yenye nguvu zaidi ya kuonyesha kwamba lugha ni riziki.

Majina nayo yalikwenda. Levi aligeuka kuwa 174517, namba aliyochanjwa kwenye mkono wa kushoto, na ilimpasa kujifunza kuitamka na kuitambua kwa Kijerumani, maana mkate na supu vilitolewa kwa namba. Wakongwe wa kambi walizisoma namba kama wazee wasomavyo nasaba: namba fulani zilikuwa za mabaki ya mitaa ya Wayahudi wa Poland, nyingine za Wagiriki wa Thessaloniki ambao hawakuwa rahisi kudanganywa, na zile zianzazo kwa 174 zilijulikana kuwa za Waitaliano, wasomi wasioweza kazi, watu wa kuibiwa kwa urahisi. Yupo kijana katika kitabu anayeitwa Sifuri Kumi na Nane, tarakimu tatu za mwisho za namba yake, kwa sababu hakuna akumbukaye kama aliwahi kuwa na jina, naye mwenyewe anaonekana kulisahau. Fasihi ya Kiswahili imezoea majina ya wahusika yenye kubeba sifa zao, na wanafunzi hufundishwa kuyafumbua. Sifuri Kumi na Nane ni kinyume cha mbinu hiyo: jina lililoondolewa kila sifa hadi ikabaki hesabu.

Suala la msamiati linafikia kilele katika mambo mawili. La kwanza ni njaa. Levi analalamika kwamba maneno kama njaa, uchovu na baridi yaliumbwa na watu huru, waliokuwa wakifurahi na kuteseka majumbani mwao, na kwamba lau kambi hizo zingedumu zaidi lugha mpya, kavu, ingezaliwa. Kiswahili kinautilia nguvu ulalamishi huo. Kwa neno lilo hilo "njaa" mtoto arudiye kutoka shule humwita mama yake apakue, na kwa neno lilo hilo hutajwa miaka ya ukame ambapo vijiji vilihama. Umbali kati ya maana hizo mbili hubebwa na muktadha. Muktadha ukikosekana, kama ulivyokosekana kwa msomaji wa Turin mwaka 1947 aliyekuwa akitaka kuisahau vita, neno hubaki tupu.

La pili ni gumu zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wafungwa waliokwisha kukata tamaa, waliodhoofika kiasi cha kutojali kupigwa wala kula, waliitwa kambini Muselmann, yaani Mwislamu. Asili ya matumizi hayo haijakubaliwa na wote. Levi anataja maelezo mawili, moja likihusu dhana kwamba Waislamu hukubali kila lililokadiriwa, jingine likihusu bendeji za kichwani zilizofanana na kilemba, na hayaoni yote mawili kuwa ya kuridhisha. Mfasiri afanye nini? Kuandika "Mwislamu" katika lugha ambayo sehemu kubwa ya fasihi yake ya kale imetungwa na Waislamu, na ambayo hadi leo ni lugha ya majumbani mwao kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni kuwarushia wasomaji tusi ambalo Levi hakulibuni na hakulitetea. Kuliondoa neno na kuweka "aliyekata tamaa" ni kuificha aibu ya Ulaya: kwamba hata chini kabisa, Mzungu aliyedharauliwa kuliko wote alipotafuta jina la aliye chini yake zaidi, alilitoa katika ghala la zamani la dharau dhidi ya mtu wa Mashariki. Lililo salama zaidi ni kuliacha neno katika Kijerumani chake na kulifafanua. Tafsiri inayokataa kutafsiri hapa ndiyo iliyo aminifu.

Kuhusu watu hao Levi anasita kama awaite wazima, na anasita kama kufa kwao kuitwe kifo. Anawaita waliozama, na anasisitiza kwamba wao ndio uti wa mgongo wa kambi, mkusanyiko usio na majina unaofanywa upya kila siku na kuwa ule ule. Kiswahili kina nomino moja tu iliyo jirani na kusita huko. Wazungumzaji hawakubaliani kama waseme "maiti huyu" au "maiti hii". Wengine huishikilia ngeli ya watu hata pumzi ikishakatika, wengine huiachilia. Waliozama wa Monowitz walikuwa bado wanatembea, na tayari upatanisho wao ulikuwa wa mashaka.

Dhidi ya yote haya kuna sura moja ambayo wahakiki wameishangilia, na inafaa kuisoma bila kushangilia sana. Levi amechaguliwa kwenda na kijana wa Alsace, Jean, msaidizi wa kikundi chao, kuchukua pipa la supu. Njiani anaamua kumfundisha Kiitaliano, na bila kujua sababu anaanza kumtajia ule wimbo wa Dante uhusuo Odisea na safari yake ya mwisho. Anaifasiri beti kwa beti katika Kifaransa kilichokwaruzwa. Anasahau mishororo, anaruka, anaunganisha. Anasema angekuwa tayari kuitoa supu ya siku hiyo lau angeweza kuziba pengo moja. Wengi huisoma sura hii kama ushindi wa fasihi juu ya ukatili. Maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Pengo haliwahi kuzibwa, wanafika foleni ya supu, linatangazwa jina la mboga ya siku hiyo, na Odisea anafunikwa na bahari.

Hapa ulinganisho na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) unaweza kusaidia, mradi usipotoshwe. Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi yake ya kuipinga serikali. Levi alipelekwa Auschwitz kwa kuzaliwa. Dhiki hizo mbili hazipimwi kwa kibaba kimoja. Lakini tofauti ya lugha inaonekana wazi. Mshairi wa Mombasa, aliyetunga kwenye karatasi za msalani, aliingia gerezani na lahaja yake, vina vyake na mizani yake vikiwa vizima. Walinzi wake walikuwa na uwezo wa kumnyima wino. Hawakuwa na uwezo wa kuivunja bahari ya shairi kichwani mwake. Ugumu wa umbo ulimtia nguvu. Levi anaonyesha mahali ambapo hata umbo lililokaririwa tangu shule linabomoka, kwa sababu mwili unaolibeba unabomoka. Ndiyo maana beti zilizokamilika za Abdalla na beti zenye mapengo za Levi ni ushahidi wa aina mbili, na hakuna aliyo bora kuliko mwenzake.

Ikishaeleweka kwamba lugha ndiyo iliyoshambuliwa, mtindo wa Levi hauwezi tena kuitwa mkavu. Alisema baadaye kwamba kielelezo chake kilikuwa ripoti fupi ya kila wiki iandikwayo kiwandani: iliyo wazi, yenye kueleweka na kila mtu. Alichagua sauti ya shahidi kuliko ile ya mlalamikaji au ya mlipiza kisasi. Sentensi zake zina vitenzi vingi na vivumishi vichache; wakati uliopo unaingia ghafla katikati ya masimulizi ya wakati uliopita, na nafsi ya kwanza wingi inaimeza nafsi ya kwanza umoja. Sura hazikuandikwa kwa mfuatano wa matukio. Ile ya mwisho, ihusuyo siku kumi kati ya kuondoka kwa Wajerumani na kufika kwa jeshi la Kisovieti tarehe 27 Januari 1945, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuandikwa. Baada ya kambi iliyompigia mtu kelele asizozielewa, kuandika kwa namna ambayo kila mtu ataelewa ni kitendo cha kimaadili kabla hakijawa cha kisanaa.

Kitabu hakikupokelewa hivyo. Kampuni ya Einaudi ilikikataa, na mmoja wa waliokisoma huko alikuwa mwandishi Natalia Ginzburg, mwenyewe binti wa baba Myahudi, ambaye mumewe Leone alikufa mikononi mwa Wajerumani katika gereza la Roma mwaka 1944. Uamuzi huo haufai kuchekwa. Huenda jeraha lenyewe ndilo lililokataa kusoma. Mchapishaji mdogo, De Silva, alichapa nakala 2,500. Einaudi ilikitoa upya mwaka 1958, na hapo ndipo wasomaji walipokipata.

Hata hivyo sauti ya ripoti ina hatari zake, na wapenzi wa Levi hawazisemi. Mwanasayansi aitazamaye kambi kama jaribio kubwa la kibiolojia na kijamii, na Levi analitumia wazo hilo, anasimama kwa kitambo mahali aliposimama mlinzi: juu, akitazama chini, akipanga aina. Mfano ni Henri, kijana msomi aliyejua kuwavuta watu kwa huruma na akanusurika. Levi anamchora kwa ustadi wa kutisha, anamfananisha na nyoka wa kitabu cha Mwanzo, na anamaliza kwa kusema hataki kumwona tena. Mwaka 1996, miaka tisa baada ya kifo cha Levi, Paul Steinberg, aliyekuwa kielelezo cha Henri, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kifaransa. Hakuikana picha. Alikiri kwamba pengine ndivyo alivyokuwa, akauliza kama kung'ang'ania kuishi kwa mvulana wa miaka kumi na saba ni kosa la kuhukumiwa. Swali hilo ni la haki, na ukurasa wa Levi hauna jibu lake. Mwandishi aliyewarudishia wengi upatanisho wa A-WA alimnyima huyu mmoja sehemu yake.

Katika La tregua (1963), kitabu kinachosimulia safari ndefu ya kurudi nyumbani, Levi analifikia tena suala la lugha kupitia mtoto. Ni baada ya ukombozi, katika wagonjwa waliokusanywa kwenye kambi kuu ya Auschwitz. Mtoto huyo ana umri wa miaka mitatu hivi, miguu yake imepooza na kukonda, hana wazazi wanaojulikana, na hajafundishwa kusema. Jina Hurbinek alipewa na waliokuwa humo, labda na mwanamke mmoja aliyejaribu kuifuatisha sauti aliyoitoa. Mvulana wa Hungaria aitwaye Henek, mwenye miaka kumi na tano, ndiye aliyekaa naye, akamlisha, akambadilisha nguo, akamsemesha polepole kwa Kihungaria. Siku moja Henek akatangaza kwamba mtoto amesema neno. Usiku watu wa mataifa mbalimbali walinyamaza vitandani wakasikiliza. Neno lilikuwapo kweli, likirudiwa kwa mabadiliko madogo, na kila mmoja akalipima kwa lugha yake: huenda ni jina, huenda ni mkate, huenda ni nyama. Humo ndani palikuwa na wasemaji wa karibu lugha zote za Ulaya, na hakuna aliyelitambua. Hurbinek alifariki mwanzoni mwa Machi 1945, na kwenye mkono wake mdogo ilikuwapo namba.